Kiungo cha Waya Mnene na Amana ya Fundi

Watu wengi wanapoutaja umeme wa kutisha huutaja ule wa nguzo za barabarani, na ule wa vituo vilivyozungushiwa wavu na kubandikwa picha ya fuvu la kichwa, na hofu yao ni ya haki. Walakini betri ya volti 12, ambayo mtu huweza kuzigusa ncha zake zote mbili kwa vidole vikavu asisikie chochote, hupuuzwa kana kwamba haina uwezo wa kumdhuru kiumbe. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza. Wingi wa volti ndio unaousukuma umeme upenye mwilini mwa mwanadamu, lakini wingi wa mkondo, yaani ampea, ndio unaozitia nyaya joto na kuziunguza nyumba. Na betri yenye volti chache, ikitakiwa kufanya kazi kubwa, haina njia ya kuifanya ila kwa kutoa ampea nyingi.

Hesabu yake ni nyepesi. Inveta inayotoa wati 2,400, ikifungwa kwenye betri za volti 12, hudai ampea 200. Ikifungwa kwenye volti 24 hudai ampea 100. Na kwenye volti 48 hudai ampea 50 tu, na hapo bado hatujakihesabu kile ambacho inveta yenyewe hukipoteza kwa joto lake. Nyumba inayotumia umeme wa volti 230 wa shirika, ikila wati zile zile 2,400, haipitishi katika nyaya zake hata ampea 11. Ndiyo maana kebo inayotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta huwa nene, ya milimita za mraba 50 au 70, yenye nyuzi za shaba mamia kwa mamia zilizosokotwa pamoja, ilhali waya wa taa uliomo ukutani ni wa milimita ya mraba moja na nusu tu.

Zamani kazi ya kuunga kebo za namna hii ilikuwa ya watu wachache: mafundi wa malori na matrekta, mafundi wa meli, wachomeleaji wa vyuma, na watumishi wa mashirika ya umeme. Leo, tangu sola na inveta zilipoenea kutoka pwani hadi maziwa makuu, kazi hiyo imeingia majumbani, madukani, misikitini, makanisani na zahanatini, nayo hufanywa pengine na fundi aliyebobea, na pengine na mtu aliyeazima koleo la jirani. Mwenye nyumba huuliza bei ya betri, hutazama ukubwa wa paneli, hudai dhamana ya inveta. Lakini kile kipande cha shaba kilichoko mwishoni mwa kebo, ambacho ampea zote 200 hazina budi kukipitia, hakiulizii. Nami nashika kalamu kwa ajili ya kipande hicho, kwa kuwa nina yakini kwamba usalama wa mtambo mzima umewekwa amana pale, na kwamba kebo nene iliyonunuliwa kwa fedha nyingi, ikiungwa vibaya, unene wake ni wa bure.

Joto lizaliwalo katika kiungo

Mwaka 1841 James Prescott Joule, mtaalamu wa pande za Manchester huko Uingereza, alitangaza kanuni ambayo mpaka leo haijatanguka: ya kwamba joto linalozaliwa katika waya hufuata ukinzani wa waya ule, na hufuata vilevile mkondo uliozidishwa kwa nafsi yake. Maana yake ni kwamba ampea zikiongezeka mara mbili, joto huwa mara nne. Na zikiongezeka mara nne, joto huwa mara kumi na sita. Mtu asiyeijua kanuni hii hudhani kwamba kiungo kilichovumilia ampea 50 bila ya tabu kitavumilia ampea 200 kwa tabu kidogo tu, na dhana hiyo imewaingiza wengi hasarani.

Tuitie kanuni hii katika kebo yetu. Mita moja ya kebo ya shaba ya milimita za mraba 50 ina ukinzani usiofikia nusu ya sehemu moja katika elfu ya omu. Ampea 200 zikipita humo, huzaliwa joto la wati 15 hivi, nalo hutandaa katika mita nzima na kupotelea hewani pasipo mtu kulihisi. Kiungo kilichobanwa vyema kina ukinzani wa sehemu mbili tatu tu katika laki moja ya omu, na joto lake ni takriban wati moja. Lakini kiungo kilicholegea, chenye ukinzani wa sehemu moja tu katika elfu ya omu, kiasi ambacho mita ya kawaida ya fundi haiwezi hata kukisoma, huzaa wati 40, tena si katika mita nzima bali katika nafasi ya upana wa vidole viwili. Wati 40 ndiyo nguvu ya chuma cha kulehemu kilichomo katika mkoba wa fundi wa redio, na kila aliyewahi kukigusa kwa bahati mbaya anajua hukumu yake.

Wala mambo hayasimami hapo. Ganda la plastiki la kebo nyingi za kawaida limekadiriwa kustahimili nyuzi joto 70 za Selsiasi, na likizidishiwa hulainika, hubadilika rangi, hunuka, kisha hukauka na kupasuka. Shaba nayo ikipata moto hutanuka, na ikipoa hunywea, na kila inapotanuka na kunywea hulegea kidogo. Hewa hupenya katika ulegevu ule na kutia ngozi ya kutu juu ya madini. Ngozi ile huongeza ukinzani. Ukinzani huongeza joto. Na joto huongeza kutu. Kiungo kibaya hakibaki katika ubaya wake wa siku ya kwanza. Huendelea kuharibika chenyewe, siku baada ya siku, hadi siku ile ambayo mwenye nyumba, akiwa ameongeza pasi au jiko la umeme, anaukuta ukuta umeingia moshi.

Kwa nini kugusana hakutoshi

Jicho likitazama vipande viwili vya shaba vilivyowekwa bapa kwa bapa huona vimegusana kotekote. Hakika yake sivyo. Uso wa madini, hata ukisuguliwa vipi, umejaa vilima na mabonde yasiyoonekana kwa macho, na vipande viwili vikikutanishwa hugusana katika vilele vichache tu vya vilima vile, na umeme wote hulazimika kubanana kupita katika vilele hivyo. Aliyeitumikia fani hii ya migusano ya umeme kuliko wengine ni Ragnar Holm, mzaliwa wa Uswidi, aliyefanya utafiti wake Berlin katika kampuni ya Siemens kabla ya kuhamia Marekani, na ambaye vitabu vyake bado ni marejeo ya wahandisi. Fundisho kubwa litokalo katika kazi yake, likisemwa kwa lugha ya watu wa kawaida, ni kwamba ubora wa mgusano haupimwi kwa ukubwa wa uso unaoonekana, bali kwa nguvu inayovikandamiza vipande viwili na kwa usafi wa madini yake. Nguvu ndiyo inayovivunja vile vilima vidogo, ikaongeza idadi na upana wa mahali ambapo shaba kwa hakika inaikuta shaba.

Kutokana na hayo mtu atafahamu kwa nini kuisokota kebo nene kwa mkono na kuizungushia tepu nyeusi si kuunga bali ni kuficha. Tepu haikandamizi kitu. Kazi ya kukandamiza ni ya kile kipande ambacho mafundi hukiita lagi: bomba fupi la shaba, aghalabu lililopakwa bati lisipate kutu, lililo wazi upande mmoja ili liingie kebo, na upande wa pili likalazwa bapa na kutobolewa tundu la bolti. Kebo huingizwa bombani, kisha bomba hukandamizwa kwa koleo maalumu lenye kalibu mbili za chuma kigumu, ambazo zikikutana huacha tundu la pembe sita.

Kinachotokea ndani ya kalibu zile ni jambo la kustaajabisha, na anayetaka kuliona na atwae lagi iliyobanwa sawasawa, aikate katikati kwa msumeno wa chuma, na ausugue mkato wake kwa msasa laini mpaka ung'ae. Zile nyuzi, ambazo katika kebo zilikuwa za mviringo na zenye mianya baina yao, atazikuta zimepoteza mviringo wake, kila moja imepata pembe kwa kusukumana na jirani zake, zimeshikana mithili ya sega la nyuki, na mwanya hauonekani wala mpaka baina ya nyuzi na ukuta wa bomba haupambanuki kwa urahisi. Shaba imelazimishwa kutiririka ingali baridi. Katika kutiririka huko ngozi ya kutu iliyokuwa juu ya kila uzi imechanika, na madini safi yamekutana na madini safi, na hewa imefukuzwa isipate njia ya kurudi. Kisha na akate lagi iliyopigwa nyundo: ataona upande mmoja nyuzi zimepondeka, upande wa pili zingali za mviringo, na baina yake mapengo meusi ambamo unyevu na kutu vitafanya maskani. Kwa nje lagi hizo mbili hufanana karibu sawa, na ndani zimetofautiana kabisa.

Namna fani hii ilivyozaliwa

Katika siku za mwanzo za umeme kiungo madhubuti kilikuwa ni kile cha lehemu: waya husokotwa, hupashwa moto, kisha humiminiwa mchanganyiko wa bati na risasi. Kazi hiyo ilitaka moto, ilitaka muda, na zaidi ya yote ilitaka mkono uliozoea. Na mtambo ulipokuwa juu ya nguzo au ndani ya tumbo la meli, moto wenyewe ulikuwa hatari. Mhandisi Bern Dibner, aliyezaliwa Ukraine na kukulia Marekani, alishiriki katika kazi ya kuunganisha mitambo ya umeme ya kisiwa cha Kuba, na mwaka 1924 akaanzisha kampuni ya Burndy, iliyojipatia jina kwa viungo visivyohitaji lehemu. Mwaka 1941 mwenziwe katika fani, Uncas Whitaker, alianzisha kampuni ya Aircraft-Marine Products, ambayo jina lake lenyewe lilitangaza wateja wake, yaani ndege na meli. Na vita vikuu vilipopamba moto, viwanda vilivyokuwa vikiunda ndege kwa maelfu vilihitaji kiungo ambacho mfanyakazi mgeni wa kazi angeweza kukifunga upesi, kila kimoja sawa na mwenziwe, pasipo moto. Kubana kulishinda kwa sababu ustadi wa mkono ulihamishiwa katika kalibu: kalibu ikiwa ndiyo, na lagi ikiwa ndiyo, na waya ukiwa ndio, kiungo hakina budi kuwa ndicho.

Wapo hata leo mafundi wa hirimu ya wazee, na heshima yao ni kubwa, wanaoona kwamba kiungo bila lehemu hakijakamilika. Katika redio na vyombo vidogo wana haki. Lakini katika kebo nene yenye ampea nyingi lehemu ina aibu tatu. Kwanza, lehemu ya kawaida ya bati na risasi huyeyuka ikikaribia nyuzi joto 190, wakati shaba huyeyuka ikifika 1,085. Kiungo kikipata joto la hatari, lehemu hukimbia na kebo yenye umeme huchomoka. Pili, lehemu hupitisha umeme kwa uhafifu, kiasi cha sehemu moja katika tisa ya upitishaji wa shaba. Tatu, ikiwa ya moto hunyweka na kupanda ndani ya nyuzi hata chini ya ganda, na pale inapoishia huacha mpaka baina ya sehemu ngumu na sehemu laini, na kebo ya gari au ya mashua, inayotikisika mchana kutwa, hukatikia papo hapo. Wala haifai kuzitia nyuzi lehemu kwanza ndipo zibanwe, kwani lehemu ni laini, nayo chini ya mgandamizo hujisogeza polepole kwa miezi mpaka lagi ikalegea.

Kazi yenyewe hatua kwa hatua

Kazi huanza kwa kuchagua. Lagi njema huandikwa namba mbili ubavuni, kama 50-8 au 70-10. Ya kwanza ni ukubwa wa kebo kwa milimita za mraba, na ya pili ni kipenyo cha bolti itakayopita katika tundu. Kebo ya 50 haivai lagi ya 70 hata ijazwe vipande vya waya, wala haivai lagi ya 35 kwa kukatwa nyuzi ili iingie. Afanyaye hivyo amenunua kebo ya 50 na kuigeuza kwa mkono wake kuwa ya 35. Wamarekani huzipima kebo zao kwa namba nyingine kabisa, ambamo sifuri mbili ni karibu milimita za mraba 67 na sifuri nne ni 107, kwa hiyo anayekutanisha kebo ya huko na lagi ya kwingineko sharti apime kwanza asibahatishe.

Kebo ikatwe kwa mkasi wa kebo, mkato wa wima, usiotawanya nyuzi. Ganda livuliwe kwa kiasi cha kina cha bomba na kuzidi kidogo tu, na kisu kipitishwe kwa hadhari kisiguse shaba, kwani uzi uliotiwa jeraha ndio wa kwanza kukatika. Shaba ikionekana nyeusi au ya kijani, ikatwe tena nyuma mpaka ionekane nyekundu yenye kung'aa. Nyuzi zote ziingie bombani pasipo hata mmoja kubaki nje, zifike mwisho, na kama lagi ina kitundu cha kuchungulia, shaba ionekane katika kitundu hicho.

Ndipo ije kalibu. Kalibu ya 50 kwa lagi ya 50: ikiwa kubwa, nyuzi hazitashikana, ikiwa ndogo, shaba itafurika pembeni ikaota mapezi, na nyuzi za ndani zitakatika. Kwa kebo za ukubwa huu mkono mtupu hautoshi. Panatakiwa koleo lenye mikono mirefu, au koleo la mafuta linalofanya kazi kama jeki, ambalo hukandamiza kwa nguvu ya tani kadhaa. Bomba likiwa refu hubanwa mara mbili, kuanzia upande wa tundu la bolti kuja upande wa kebo, ili shaba inayosukumwa ipate njia ya kutoka. Kalibu zikutane kabisa. Kuishia njiani kwa sababu mkono umechoka ni kuiacha kazi nusu. Kisha kebo ivutwe kwa nguvu na kuzungushwa: ikisogea hata kidogo, lagi ikatwe na kutupwa na kazi ianzwe upya, kwani lagi haibanwi mara ya pili kwa kalibu nyingine. Mwisho, kijibomba cha plastiki kinachosinyaa kwa joto, chenye gundi ndani, kivishwe kuanzia bombani mpaka juu ya ganda, kuziba njia ya unyevu.

Kukaza bolti nako kuna adabu yake. Uso wa lagi na uso wa betri uwe msafi, na lagi ilale moja kwa moja juu ya betri, shaba kwa madini, ndipo ifuate washa bapa, kisha washa ya springi, kisha nati. Wengi huanza kwa kuweka washa chini ya lagi, wakidhani wanaipa kiti kizuri. Na washa ile aghalabu ni ya chuma kisichoshika kutu, ambacho ukinzani wake ni karibu mara arobaini ya ukinzani wa shaba. Kwa washa moja ya bei ya chini wameziba njia ya ampea 200. Nati ikazwe kwa kiasi alichoandika mtengenezaji wa betri, kwani kiungo kilicholegea huungua, na kilichokazwa kupita kiasi huvunja ncha ya betri, ambayo mara nyingi ni ya risasi na ni laini.

Madini yenye kughuri

Katika maduka ya leo pana kebo ambazo nje zina rangi ya shaba nyekundu, na ndani ya kila uzi ni aluminiamu iliyopakwa ngozi nyembamba ya shaba. Bei yake huvutia. Dalili yake ya kwanza ni uzito, kwa kuwa aluminiamu haifikii theluthi moja ya uzito wa shaba. Na ya pili ni kwamba uzi ukikwanguliwa kwa kisu huonyesha weupe. Kebo hiyo hupitisha umeme pungufu ya shaba ya unene ule ule, na katika kiungo huleta matatizo yote ya aluminiamu: ngozi ya kutu inayoota upesi sana na isiyopitisha umeme, tabia ya kulegea chini ya mgandamizo, na kuliwa pale inapogusana na shaba penye unyevu.

Aluminiamu yenyewe si madini ya kudharauliwa, na nyaya nyingi za nguzo kubwa ni za aluminiamu kwa sababu ya wepesi na unafuu wake. Ila ina masharti yake. Marekani iliyajifunza masharti hayo kwa gharama. Katikati ya miaka ya 1960 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, shaba ilipopanda bei, nyumba nyingi huko zilitandikwa nyaya za aluminiamu, zikaungwa kama za shaba. Na baadaye Tume ya Usalama wa Bidhaa ya nchi hiyo ikatangaza kwamba nyumba zenye nyaya za aluminiamu zilizotengenezwa kabla ya 1972 zina uwezekano mara 55 zaidi ya zile za shaba wa kuwa na kiungo kilichofikia hali ya kuzusha moto. Waya ulikuwa mzima. Kilichougua ni viungo. Na miongoni mwa tiba ambazo tume ile ilizikubali ni kukibana kila kiungo kwa koleo maalumu lenye nguvu kubwa, mikononi mwa fundi aliyefunzwa kazi hiyo. Shaba na aluminiamu zikilazimika kukutana, zipo lagi za madini mawili, upande mmoja aluminiamu na upande wa pili shaba, zilizounganishwa kiwandani. Hizo ndizo zitumiwe.

Kwetu sisi wa pwani kuna adui mwingine, naye ni chumvi ya bahari. Upepo wa kusi na wa kaskazi huichukua chumvi mpaka ndani ya nyumba, na lagi isiyozibwa huota kutu ya kijani, kutu ambayo hutambaa chini ya ganda la kebo urefu wa kiganja na zaidi. Kwa mashua na kwa nyumba zilizo karibu na maji, kebo ambayo kila uzi wake umepakwa bati, na lagi zilizozibwa kwa gundi, si anasa bali ni wajibu.

Kupima na kujihadhari

Kiungo kilichokwisha kufungwa huweza kupimwa. Mtambo ukiwa unafanya kazi na ampea 100 zikipita, fundi aweke mita yake kwenye kipimo cha milivolti, ncha moja juu ya ncha ya betri na ya pili juu ya bomba la lagi, kisha baina ya bomba na kebo yenyewe kwa kugusa shaba kabla haijavikwa plastiki. Kiungo chema huonyesha milivolti mbili tatu. Kikionyesha milivolti 100, basi ukinzani wake ni ile sehemu moja katika elfu ya omu tuliyoitaja, na haifai mtu alale nacho nyumba moja. Asiye na mita naye ana kiganja: baada ya nusu saa ya kazi nzito, na azime mtambo, ndipo aguse lagi moja baada ya nyingine upande wa betri, kamwe si upande wa volti 230: lagi iliyo na joto kuliko wenzake imejitaja yenyewe.

Na kabla ya yote hayo, fyuzi. Betri kubwa ikigusanishwa ncha kwa ncha huweza kutupa maelfu ya ampea kwa mpigo mmoja, kiasi cha kuyeyusha spana. Kwa hiyo fyuzi iliyokadiriwa kwa unene wa kebo iwekwe karibu kabisa na ncha chanya, na fundi avue pete na saa ya chuma, na spana yake aivishe plastiki mpini mzima. Katika gari, ambamo bodi lote limeungwa na ncha hasi, ncha hasi hufunguliwa kwanza na hufungwa mwisho, ili spana ikiponyoka na kugusa bodi isizushe cheche.

Kazi ya kubana lagi, ikishafungwa plastiki yake, haionekani tena. Hakuna mteja atakayeikata kwa msumeno ili aione, na fundi aliyeifanya kwa nyundo hulipwa sawa na yule aliyeifanya kwa kalibu; pengine hulipwa upesi zaidi, kwa kuwa alimaliza mapema. Katika hali hiyo usemi kwamba mafundi wawe waaminifu hautoshi, maana uaminifu pasipo chombo haubani shaba. Koleo la mafuta pamoja na kalibu zake ni ghali kwa kijana anayeanza kazi, ingawa si ghali kwa mafundi watano wanaoshirikiana, wala si ghali kwa chuo cha ufundi, ambacho kingeweza kuwakatia wanafunzi lagi njema na lagi mbovu wakaona kwa macho yao tofauti ambayo maneno hayatoshi kuieleza.

Mteja naye ana fungu lake. Kabla ya kukubaliana bei na amwulize fundi maswali machache: kebo hii ni shaba tupu? Lagi hii ni ya namba ya kebo hii? Utaibana kwa chombo gani, na kalibu yake ni ya namba ngapi? Fyuzi itakaa wapi? Fundi anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo; atafurahi kwamba mara hii amepata mtu aliyetambua mahali jasho lake linapokwenda. Na bei yake ikizidi ya mwenziwe kwa sababu ya chombo na lagi za haki, alipwe, kwa kuwa ziada ile ni ndogo mno ikilinganishwa na betri, inveta na nyumba ambavyo kiungo kile kimepewa kuvilinda.